Kuhara "kwa ukoo": ndugu wa mgonjwa wa Crohn wapimwe nini, na waambiwe nini?

tabibu_tukuyu

Wakuu, salaam. Swali hili ni la wanaojua matumbo.

Mgonjwa wa kiume, miaka 28, amepimwa kwa kamera ya njia ya haja kubwa na kuchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha utumbo cha kupimwa. Majibu yameandikwa ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe sugu wa utumbo, sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Sasa mdogo wake wa kike, miaka 22, anaharisha huu mwezi wa pili, mara nne hadi tano kwa siku. Damu haionekani, ila uzito umeshuka kilo 5. Mgonjwa mwenyewe ana mtoto wa miaka 4 asiye na shida yoyote.

Familia inataka kujua kama huu ni ugonjwa wa ukoo, kama kuna kipimo cha jeni cha kuwapima wote, na mtoto afanyweje. Langu mimi ni hili: kituoni nina darubini, picha kamili ya damu na kipimo cha VVU; GeneXpert (mashine ya kupima TB) na ultrasaundi zipo hospitali ya wilaya. Nimfanyie nini yule binti kabla ya kuandika rufaa ya Mbeya mjini?

kamwene_gastro

Kamwene, tabibu. Nianze na hilo neno "ukoo", maana ndilo linalopotosha. Huku kwetu ugonjwa wa ukoo ni wa upande wa baba, wa wenye jina moja. Jeni hazifuati jina. Mtoto huchukua nusu kwa baba na nusu kwa mama, kwa hiyo mjomba aliyesumbuliwa na kuhara damu miaka kumi ana uzito uleule na baba mdogo. Ukiuliza ukoo tu, utapewa nusu ya familia.

Na unapochora mti wa familia, usiliache neno "ndugu" likupite hivihivi. Mtoto wa mama mdogo anaitwa dada, na mtu anamtaja kwa moyo mweupe kabisa kuwa dada yake, lakini kijenetiki huyo yuko daraja la tatu. Wa baba mmoja mama tofauti yuko daraja la pili. Hesabu za hatari utakazokutana nazo zinahusu zaidi daraja la kwanza: mzazi, mtoto, na ndugu wa baba mmoja mama mmoja. Uliza kwa maneno hayohayo: "Mmezaliwa baba mmoja, mama mmoja?" Halafu uliza kila aliyefariki kwa "tumbo" alikuwa na miaka mingapi, aliugua kwa muda gani, na kama aliwahi kutibiwa TB.

Hesabu zenyewe, nyingi zikiwa za Ulaya na Amerika Kaskazini: uchunguzi wa rejista za Denmark uliotoka mwaka 2015 ulikuta kwamba mtu wa daraja la kwanza wa mgonjwa wa Crohn ana hatari karibu mara 8 ya mtu wa kawaida, na wa mgonjwa wa kolitisi ya vidonda (uvimbe sugu wenye vidonda kwenye utumbo mpana) karibu mara 4. Mara 8 inatisha ikitamkwa peke yake. Igeuze iwe watu. Chukua watoto 100 ambao kila mmoja ana mzazi mmoja mwenye Crohn: takriban 3 hadi 5 ndio watakaougua katika maisha yao. Kwa kolitisi ya vidonda ni kama 2. Wazazi wote wawili wakiwa wagonjwa ndipo inaruka hadi karibu mtoto 1 kati ya 3. Hata kwa mapacha wa kufanana, Crohn ikimpata mmoja, mwenzake huipata katika jozi kama 3 hadi 5 kati ya 10. Watu wenye jeni zilezile, na bado nusu au zaidi wanasalimika.

Kwa hiyo familia ijibiwe hivi: kinachorithiwa ni wepesi wa kuupata, si ugonjwa wenyewe. Mtoto hazaliwi nao.

Sasa lililo zito zaidi, na hapa naomba usome taratibu. Kifua kikuu cha utumbo hupenda kukaa palepale, mwisho wa utumbo mwembamba na mwanzo wa utumbo mpana. Hutoa vidonda, hubana njia, na kwenye kinyama huonyesha granuloma, yaani vinundu vya chembe za kinga, kama Crohn. Nacho hukusanyika katika familia, ila njia yake ni hewa ya chumba kimoja. Nyanda hizi za juu ambako Juni na Julai madirisha yanafungwa kwa baridi na watu wanaota moto jiko moja, kaka na dada wenye tumbo linalofanana ni hoja ya TB kabla hawajawa hoja ya jeni. Ndiyo maana swali la kwanza si la binti. Ni la kaka yake: hiyo Crohn ilithibitishwaje?

Itafute ripoti ya kamera na ya kinyama uzisome upya. Vidonda vinavyozunguka utumbo kama pete, na vali ya kati ya utumbo mwembamba na mpana iliyobaki wazi kama mdomo wa samaki, vinaelekea TB. Vidonda virefu vinavyofuata urefu wa utumbo, ukuta wenye mawe-mawe, na fistula (vijitundu visivyo vya kawaida vinavyotoboka kutoka utumbo) au majipu kando ya njia ya haja kubwa vinaelekea Crohn. Kwenye kinyama, granuloma kubwa, zilizoungana, zenye kitovu kilichooza kama jibini, ni za TB. Za Crohn huwa ndogo, chache, zimetengana. Homa za jioni, jasho la usiku na maji tumboni vinaongeza uzito upande wa TB. Na kama ripoti imeandika tu "uvimbe sugu wenye granuloma, yawezekana Crohn", hiyo haijathibitisha kitu.

maabara_njombe

Naongeza upande wa sampuli, kwa sababu kosa kubwa hutokea mezani pa kamera kabla hata sampuli haijafika kwetu. Vinyama vyote vinatumbukizwa kwenye formalini, maji ya kuhifadhia sampuli, halafu wiki mbili baadaye daktari anaomba kuotesha TB, yaani kukuza vimelea vyake maabara. Formalini imeshaua kila kitu. Vigawanywe palepale: vya kusoma kwa darubini viingie kwenye formalini ya asilimia 10, ujazo wake uwe walau mara kumi ya ujazo wa kinyama, vya kuotesha na vya GeneXpert viingie kwenye chupa safi yenye maji ya chumvi ya asilimia 0.9, bila formalini hata tone, na visafirishwe siku hiyohiyo. Kinyama kichukuliwe ukingoni mwa kidonda, na vingine sehemu zinazoonekana nzima, kila sehemu na chupa yake yenye jina. Chupa moja iliyochanganya vipande vya utumbo wote inamnyima msomaji habari muhimu kuliko zote, yaani ugonjwa umeruka wapi na umegusa wapi.

Na GeneXpert ya kinyama cha utumbo ikisema hakuna TB, usiifunge hoja. Vimelea huwa vichache mno kwenye ukuta wa utumbo. Ikisema ipo, hapo amini. Kuotesha kunaweza kuchukua hadi wiki 6 au 8.

Kwa binti: choo kipimwe mara tatu, siku tofauti, kabla hajameza dawa yoyote. Tatizo la huku ni baridi. Amiba hai inayotembea inahitaji choo cha moto kilichotoka sasa hivi, kisomwe ndani ya nusu saa. Kopo likikaa dirishani Julai, amiba inajikunja na kutulia, na msomaji anaiona kama seli ya kawaida. Kingine: usikubali jibu la "amiba ++" kwa sista pekee, yaani yale mayai yenye ganda. Sista za amiba inayoumiza na za ile isiyo na madhara zinafanana kabisa kwenye darubini. Kinachoeleza ni amiba hai iliyomeza chembe nyekundu za damu. Watu wengi wanabeba jina la "amiba sugu" miaka mitatu, kumbe sista walizonazo hazijawahi kumdhuru mtu na utumbo una ugonjwa mwingine.

Muulize pia kama amewahi kuishi Kanda ya Ziwa. Kichocho cha tumbo hutoa vidonda na vinundu kwenye utumbo mpana, na mayai yake hukosekana kwenye choo cha kupimwa mara moja.

Hemoglobini isome ukikumbuka mwinuko. Juu ya mita 1,500 damu huwa nzito kidogo, hivyo unapolinganisha na kiwango cha pwani toa kama nusu gramu hadi gramu moja kwa desilita. Binti mwenye 12.3 huku Rungwe juu au Njombe anaweza kuwa na upungufu ambao karatasi haionyeshi.

uyole_digitali

Mbona mnazunguka? Siku hizi mtu anatema mate kwenye kichupa, yanapelekwa nje, majibu ya jeni yanarudi kwa barua pepe. Familia ipimwe yote, pamoja na kalprotektini ya choo (protini inayoonyesha uvimbe wa utumbo) kwa kila mmoja, na mtoto pia. Si ndiyo kinga hiyo?

kamwene_gastro

Hapana, na sababu si gharama tu.

Jeni ya kwanza kuhusishwa na Crohn ni NOD2, iliyoko kwenye kromosomu ya 16, iliyotangazwa mwaka 2001. Kazi yake ni kunusa kipande cha ganda la bakteria ndani ya seli na kuamsha ulinzi. Mabadiliko yake matatu yanayojulikana sana humwongezea mtu hatari mara 2 hadi 4 akiwa na nakala moja, na zaidi ya mara 15 akiwa na mbili. Lakini mabadiliko hayo matatu ni ya watu wenye asili ya Ulaya. Kwa Mwafrika karibu hayapo. Mtu wa Tukuyu akipimwa kwa kipimo kilichotengenezwa kuyatafuta hayo, atapewa karatasi inayosema yuko salama, wakati kipimo hakijagusa chochote kinachomhusu. Hiyo ni mbaya kuliko kutopima, maana atapuuza dalili.

Tangu hapo zimepatikana sehemu zaidi ya 200 kwenye jeni zinazogusa magonjwa haya mawili, kila moja ikisukuma kidogo sana. Zote pamoja zinaeleza sehemu ndogo tu ya nani ataugua. Kwa kolitisi ya vidonda, mchango mkubwa uko eneo la HLA linalosimamia kinga, na NOD2 haina uzito huko. Hakuna mganga wala mashine inayoweza kusoma jeni hizo ikamwambia mtu mzima asiye na dalili kwamba ataugua mwaka gani.

Kalprotektini nayo si ya kumpima kila mtu. Kwa mwenye dalili ni kipimo kizuri: chini ya mikrogramu 50 kwa gramu ya choo, uvimbe wa utumbo hauelekei, juu ya 250, kuna uvimbe wa kweli, katikati, rudia baada ya wiki kadhaa. Ila inapanda kwa sababu yoyote inayokera utumbo: amiba, TB, kuhara kwa bakteria, hata diklofenaki aliyomeza kwa maumivu ya mgongo baada ya kulima viazi. Asimeze dawa za jamii hiyo kwa wiki mbili kabla ya kupima. Ukiwapima watu 9 wasio na dalili wa nyumba moja kijijini, utapata wawili watatu wenye 120, na hapo utakuwa umetengeneza wagonjwa.

tabibu_tukuyu

Ndaga fijo. Hilo la TB limenigusa, nitaitafuta ripoti ya kaka. Mtoto wa miaka 4 je?

kamwene_gastro

Mtoto asiye na dalili hapimwi chochote cha ndani. Kamera bila dalili hapana. Kinachofaa ni kadi yake ya kliniki: uzito na urefu kila miezi mitatu, uweke alama kwenye mstari. Mtoto anayeacha kurefuka bila sababu ni dalili ya Crohn inayoweza kutangulia kuhara kwa mwaka mzima. Mama aambiwe amlete akiharisha zaidi ya wiki nne, akiamka usiku kwenda chooni, damu ikionekana, vidonda vya mdomo visivyokwisha, jipu kando ya njia ya haja kubwa, jicho jekundu linalouma, au goti kuvimba bila kuanguka.

Kuna hali moja ambapo mambo yanageuka. Mtoto akianza kuugua kabla ya miaka 6, na hasa kabla ya miaka 2, fikiria jeni moja iliyoharibika, si zile 200 zinazosukuma kidogo kidogo. Mfano ni jeni za vipokezi vya IL-10, ujumbe wa mwili unaotuliza uvimbe, zilizoelezwa mwaka 2009: mtoto mchanga anapata fistula nyingi njia ya haja kubwa, dawa za kawaida hazimshiki, na mara nyingi wazazi ni binamu. Nyingine ni XIAP, inayopita kwa mama na kuwapata watoto wa kiume. Hapo kipimo cha jeni kina maana, kwa sababu tiba inaweza kuwa kupandikiza uboho. Uliza kama kuna mtoto wa kiume upande wa mama aliyefariki mdogo kwa kuhara na homa zisizoeleweka. Mtoto wako huyu wa miaka 4, mzima, hayuko kwenye kundi hilo.

mfamasia_uyole

Nami nitie neno upande wa dawa, maana binti huyu kabla hajafika kwako huenda ameshapita maduka mawili ya dawa muhimu.

Asipewe metronidazo "ya kujaribu" kabla ya choo kupimwa. Inatuliza Crohn kidogo, inaua amiba, na baada ya hapo hakuna anayejua alikuwa na nini. Siprofloksasini ni mbaya zaidi: ina nguvu fulani juu ya TB, inaizima kwa wiki chache bila kuiponya, na kuotesha kunarudi tupu. Na prednisoloni, ambayo ni steroidi, hapana kabisa mpaka TB, amiba na minyoo ya strongiloidesi viondolewe kwenye orodha. Mwenye amiba akipewa steroidi, utumbo unaweza kutoboka. Mwenye strongiloidesi, minyoo inasambaa mwili mzima. Mahali ambapo kuipima ni shida, wengi hutanguliza ivermektini mikrogramu 200 kwa kilo ya uzito.

Ikiwa TB na Crohn haziwezi kutenganishwa hata baada ya kinyama, utaratibu unaotumika ni kuanza dawa za TB kamili, za miezi miwili ya mwanzo kisha minne. Kamera irudiwe baada ya miezi miwili hadi mitatu. Angalieni vidonda, si hisia za mgonjwa. Mtu wa Crohn naye husema anajisikia nafuu kwa dawa za TB, lakini vidonda vinabaki palepale. Vya TB vinafunga.

Jeni pekee ambayo mimi ningeiulizia kwa mtu mzima ni TPMT, nayo haihusu nani ataugua. Inahusu azathioprini, dawa ya Crohn inayopunguza nguvu ya kinga. Mwenye TPMT dhaifu akipewa dozi kamili ya miligramu 2 hadi 2.5 kwa kilo, uboho unazimika na chembe nyeupe zinaporomoka. Hii inarithiwa, kwa hiyo kama kaka yake aliporomoka chembe nyeupe kwa azathioprini, iandikwe kwenye faili la dada kwa wino mwekundu. Pasipo kipimo, anza na miligramu 50 kwa siku, picha kamili ya damu kila wiki kwa wiki nne, kisha kila mwezi, baadaye kila miezi mitatu. Na anayetumia alopurinoli ya jongo asichanganyiwe azathioprini dozi ya kawaida; inabidi ishuke hadi robo hivi, chini ya daktari bingwa.

Kuhusu kinga kwa ndugu wasiougua: sigara. Huongeza hatari ya Crohn karibu mara mbili na huwafanya wagonjwa wapasuliwe mapema. Ndugu wa mgonjwa mwenye kuvuta, hilo ndilo jambo moja mkononi mwake. Dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki asizitafune kama karanga. Chakula cha kuzuia ugonjwa hakijathibitishwa, hivyo msimkataze mtu kande na parachichi kwa sababu kaka yake anaumwa. Maziwa ni kesi tofauti: watu wazima wengi huku hawana kimeng'enya cha kutosha, wanajaa gesi na kuhara, na hiyo si Crohn wala kolitisi. Aache maziwa freshi wiki mbili, ajaribu mgando, aone.

makambako_stendi

Samahani wataalamu, swali la nje kidogo. Mwenye kolitisi ya vidonda anaruhusiwa kuoa na kuzaa? Wazee wengine wanavunja posa kwa hili.

mfamasia_uyole

Anaoa na anazaa. Hatari ya mtoto umeiona juu, kama 2 kati ya 100. Mwanaume anayetumia salfasalazini, dawa ya kolitisi, ajue mbegu hupungua nguvu. Hurudi miezi miwili mitatu baada ya daktari kumbadilishia kwenda mesalazini. Mwanamke ashike mimba ugonjwa ukiwa umetulia walau miezi mitatu, na akiwa kwenye salfasalazini apewe foliki asidi. Methotreksati, dawa nyingine ya kushusha kinga, iachwe miezi mitatu au zaidi kabla ya mimba. Azathioprini kwa kawaida haiachwi, kwa sababu ugonjwa kuamka mimba ikiwa changa una hatari kubwa kuliko dawa.

Moja linalosahaulika: mama akichomwa infliksimabu (sindano ya kushusha kinga) akiwa mjamzito, dawa inavuka hadi kwa mtoto na kukaa miezi. Mtoto huyo asichomwe BCG, chanjo ya TB, siku ya kuzaliwa kama wengine. BCG ina bakteria hai. Iandikwe kwenye kadi ya mama kabla hajafika chumba cha kujifungulia, kwa sababu nesi wa zamu atachoma tu kama ratiba inavyosema.

tabibu_tukuyu

Nimeelewa. Nimepanga hivi kwa binti: VVU leo, choo mara tatu, picha ya damu na ESR (kipimo cha damu cha kuonyesha uvimbe mwilini), picha ya kifua, makohozi yaende GeneXpert, ultrasaundi ya tumbo. Akifikia kamera, maandalizi nimwelekeze nini? Atalala kwa ndugu yake aliyeko Mwanjelwa, Mbeya mjini, usiku wa kuamkia kipimo.

kamwene_gastro

Kwenye ultrasaundi omba wapime unene wa ukuta wa utumbo upande wa chini kulia. Juu ya milimita 3 si kawaida. Waangalie tezi na maji. Tezi zenye kitovu cheusi kilichooza, pamoja na maji, zinaelekea TB.

Maandalizi: siku tatu kabla aache maharage, mboga za majani, na matunda ya mbegu, hasa pasheni na mapera. Mbegu ya pera huziba mrija wa kamera na kipimo kinaishia njiani. Vidonge vya madini ya chuma aviache siku 5 hadi 7 kabla, vinapaka utumbo weusi. Siku ya mwisho ni vya maji tu: chai ya rangi, supu iliyochujwa, maji. Uji wa ulezi hapana, rangi yake inadanganya.

Dawa ya kusafisha iwe ya polietileni glikoli, lita 4 kwa jumla, nusu jioni na nusu alfajiri, glasi moja kila dakika 15. Lita mbili za alfajiri ndizo zinazosafisha upande wa kulia, na huko ndiko tunakotaka kuona. Kwa hiyo muulize huyo ndugu wa Mwanjelwa kama choo kiko ndani au nje, maana saa kumi alfajiri ataamka mara nyingi. Akipewa ile ya fosfeti ya sodiamu, akatae aombe nyingine. Fosfeti yenyewe inaweza kuchora vidonda vidogo kwenye utumbo vinavyofanana na Crohn changa, na kwa binti ambaye kaka yake ameshapewa jina hilo, hakuna atakayevitilia shaka.